Namba Tano Bado Haijafika Darini

Lac-Outarde, Abitibi
Tarehe 9 Februari

Kwako ndugu yangu Léandre,

Pokea salamu zangu tele, wewe na mama watoto na wajukuu wote, pamoja na yule mbwa wenu ambaye kwenye picha ya Krismasi alionekana kuwa na akili kuliko wenye nyumba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti halikusumbui, na mvua za huko Magharibi hazijakuotesha ukungu masikioni. Mimi huku ni mzima kabisa. Nakula, nalala, nagombana na majirani. Theluji imefika madirishani na bado inaanguka kama vile tumeiomba.

Baada ya salamu, nina habari kubwa. Wamestaafisha namba yangu. Ndiyo, mimi Ovila Desrosiers, beki niliyefunga magoli machache kuliko meno niliyong'olewa, namba yangu imetolewa mchezoni na hakuna mchezaji wa magongo ya barafuni wa Lac-Outarde atakayeivaa tena mpaka barafu ya dunia yote iyeyuke. Uwanja mzima ulisimama. Wanawake walilia. Na wanaume walilia, ila wao walisingizia mafua.

Haya, najua umeshakunja uso. Namba yenyewe ni tano, jina lililoandikwa kwenye bango la heshima ni Courchesne, na aliyeliliwa ni wewe. Lakini huwezi kukana kwamba kabla ya kukaa mgongoni mwako ilikaa mgongoni mwangu. Kwa hiyo nimesema nusu ya ukweli, na kwangu mimi niliyeishia darasa la sita kwa wale watawa, hiyo ni alama nzuri.

Cédrik, beki aliyekuwa akiivaa mpaka mwezi uliopita, alikuja nyumbani kuniuliza desturi. Kijana mstaarabu, ana ndevu kama mchunga mbuzi. Alisema ameambiwa airudishe jezi, naye ameirudisha kwa mikono miwili, ila anataka kujua iliwahi kugharimu nini. Nikamwambia kwamba enzi zetu mgeni aliyetaka namba ya mkubwa wake hakupewa bure. Wengine walitoa kreti ya bia, wengine saa ya mkononi. Courchesne alifika hapa akiwa na suruali moja na hamu ya kula, akasema tano ndiyo namba aliyocheza nayo tangu utotoni na bila hiyo hajui kugeuka kushoto. Nikamwonea huruma nikamtoza kitu kidogo: anibebee begi langu la vifaa msimu mzima, kutoka basini mpaka chumba cha kubadilishia nguo, na kurudi. Cédrik akauliza kama ulibeba. Nikamwambia ulibeba vizuri, ukinitukana njia nzima, mpaka Februari. Hapo ukaondoka, na mimi nikarudi kubeba mwenyewe.

Mwenyekiti wa klabu siku hizi ni mwanamke, Maude Charlebois, amesoma Montréal na anaongea haraka kama anayekimbilia treni. Ndiye aliyekuandikia kukualika. Jibu lako alilisoma mbele ya kamati nami nikiwapo, kwa sababu wananiweka pale kama wanavyoweka saa ya ukutani iliyosimama. Maneno matano tu uliandika: "Jezi mliichoma. Tundikeni majivu yake." Baadaye Maude akaniomba nikupigie simu, mimi rafiki yako, nikubembeleze. Nikapiga. Uliposikia sauti yangu ulifurahi, uliposikia neno "sherehe" ulinikatia, na kitu cha mwisho nilichosikia ni mbwa anabweka. Sikukulaumu.

Maana nani amesahau? Ilikuwa Februari kama hii, sisi tunaongoza ligi, tukaamka tukaambiwa Courchesne hayupo. Mzee Lavigueur, mwenyekiti wa wakati ule, akatangaza redioni kwamba umeomba mwenyewe kuhamishwa, unataka timu kubwa zaidi, mji huu umekuwa mdogo kwako. Jioni wakaweka pipa mbele ya uwanja wakaichoma namba tano kwa petroli. Mama yako aliuona moshi kutoka jikoni kwake. Mimi nilienda na gongo langu la kuchezea kuwatawanya, wakanitawanya mimi. Tangu siku hiyo hukukanyaga hapa ila siku moja ya mazishi ya mama, na hata siku hiyo ulisimama makaburini, hukuingia mjini kula.

Basi usiku wa sherehe ulifika bila wewe. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Ginette, jirani yangu anayeuza supu ya njegere kule kantini, alifunga dirisha lake ili aone, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata tulipocheza fainali. Walitandika zulia jekundu juu ya barafu, na kwenye zulia wakaweka kiti kimoja kitupu. Hicho ni chako. Nilimwambia Maude kiti kitupu kinafanya mtu aonekane amekufa, akasema ndiyo heshima. Nikakiacha, maana nilikuwa nimevaa tai na tai hunipunguzia ubishi.

Kwa kuwa mwenye namba ndiye huvuta kamba ya kulipandisha bango lake darini na hukuwapo, walitumia mashine. Ti-Guy, fundi umeme, akabonyeza swichi. Bango likaanza kupanda, jeupe, na namba tano ya buluu, na jina lako. Bendi ya wachimba migodi ikapiga. Nikakuta macho yananiwasha. Lilipofika katikati, mzee Lavigueur akainua mkono.

Unamkumbuka Hormidas Lavigueur jinsi alivyokuwa, tumbo mbele na sigara nene. Sasa ni mkavu kama samaki wa kuanikwa, yuko kwenye kiti cha magurudumu, ana miaka tisini na ushei. Aliomba kipaza sauti. Ti-Guy, kwa adabu, akasimamisha mashine. Bango likabaki linaning'inia.

Sisi tulidhani atatoa shukrani za kawaida, amshukuru padri, awashukuru wafadhili, asahau jina la mke wake. Akasema Courchesne hakuomba kuondoka. Akasema, "Nilimuuza mimi. Paa lilipobomoka kwa uzito wa theluji mwezi ule wa Januari, niliwaambia bima ndiyo inayolipa. Bima haikutulipa hata msumari. Nilimuuza kijana kwa watu wa Magharibi, na kwa walichotupa ndipo tulipopata vyuma hivi." Akanyoosha kidole juu, kwenye paa. Akasema alikuita ofisini kwake akakuomba usimwambie mtu, kwa sababu kampuni ya mgodi, mfadhili wetu, ikijua klabu haina kitu itatutupa, na wewe ukampa neno lako. Alidhani watu watakukasirikia mwezi mmoja, kisha mchezo utaendelea. Halafu akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "Mama yake aliacha kuja kanisani. Mimi niliendelea kukaa kiti cha mbele."

Akarudisha kipaza sauti. Ni hivyo tu.

Léandre, nimeishi na kelele za uwanja ule maisha yangu yote na sikujua kwamba mitambo ya kugandisha barafu ina sauti. Usiku ule niliisikia. Mwanamume mmoja akavua kofia yake ya sufu, kisha mwingine, kisha wote. Na hawakutazama bango. Walitazama juu zaidi, kwenye vyuma, kana kwamba hawajawahi kuona paa. Watoto wao wote wamejifunzia kuteleza chini ya paa lile. Nyuma yangu mzee mmoja akaanza kutaja kwa hasira vyombo vyote vya madhabahuni, kikombe, kisanduku, mishumaa, maana kwa majina hayo ndivyo tunavyotukana sisi huku, lakini taratibu, kimoja kimoja, mpaka ikawa kama anasali.

Nilikukasirikia na wewe, nikwambie ukweli. Miaka yote hii unaniandikia kadi za Krismasi juu ya mvua na samaki. Neno moja ungenidokeza, mimi ningelitangaza mpaka kijiji cha mwisho. Kisha nikafikiri, ndiyo sababu hukunidokeza.

Sasa sikiliza ushenzi nilioufanya. Maude, machozi mashavuni, akampungia Ti-Guy aendelee kulipandisha. Mimi nikateleza juu ya ile barafu na viatu vyangu vya kanisani, nikamshika Ti-Guy mkono. Nikasema hapana, desturi ya zamani hairuhusu. Mwenye namba akiwa bado hai, bango haliwezi kufika darini mpaka alivute mwenyewe kwa mkono wake. Likifika bila yeye, timu haitashinda tena. Ti-Guy akasema hajawahi kusikia desturi hiyo. Nikamwambia atasikia wapi na yeye kazaliwa juzi. Ukweli ni kwamba desturi niliitunga hapohapo, nikiwa nimemshikilia mkono ili nisianguke. Lakini wachezaji wanaamini kila kitu, wewe unawajua, mtu havui soksi zake wiki nzima kwa sababu alifunga goli nazo. Cédrik akawa wa kwanza kusema liachwe.

Basi lipo pale mpaka leo, katikati ya hewa, halijapanda wala halijashuka. Linaficha nusu ya ubao wa magoli, na kwa bahati nzuri nusu yenyewe ni ya wageni. Tumeshacheza mara mbili hivyo. Wageni wanalalamika, refa ameandika ripoti, na Maude ananisalimia kwa kidevu. Ila watu wakiingia huinua macho kwanza kwako, halafu kwenye vyuma, kisha ndipo wanakaa. Na mzee Lavigueur huletwa kila mchezo. Hakai tena mbele. Anasukumwa mpaka kule nyuma, penye baridi.

Hayo ndiyo ya mji. Sasa la kwangu, na ulisome polepole.

Kule juu nimekuandikia kwamba mimi ni mzima kabisa. Ni desturi ya barua, kila mtu huanza hivyo, hata aliyelala kitandani. Si kweli. Tangu msimu wa kuwinda kulungu nakohoa damu, na picha walizonipiga zinaonyesha kitu kwenye pafu la kushoto, kikubwa kama ngumi ya mtoto. Wanataka kukikata. Daktari ni binti mpole, anasema kwa umri wangu mambo yanaweza kwenda vizuri na yanaweza kutokwenda, nami nimemwambia hata kocha wetu alikuwa akisema hivyohivyo kabla ya kila mchezo tulioupoteza. Hakucheka. Sijamwambia mtu mwingine ila Ginette, kwa sababu yeye ndiye atakayeendesha gari. Siogopi sana kisu. Naogopa kuingia mle bila kukuona, kisha habari zangu uzipate kwenye kadi ya Krismasi.

Sikuombi uwasamehe. Hilo ni lako, na mimi si padri. Hata kamba, ukitaka, usiivute. Bango litaendelea kuwaziba wageni macho na mimi nitafurahi vilevile.

Nisalimie mama watoto, mwambie mkate wake wa nyama bado naukumbuka kuliko sala zangu nyingi. Wasalimie wajukuu. Mbwa mwambie nimemsamehe. Ginette anakusalimu, na Cédrik, ambaye hakujui, anakusalimu pia.

Limebaki jambo dogo. Natakiwa hospitalini Jumatatu ya kwanza ya Machi, asubuhi. Wamesema nije na begi: nguo za kulalia, wembe, kandambili. Ninalo begi, ni lilelile la ngozi, zipu imekufa nimelifunga kwa kamba za viatu. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye gari la Ginette si mbali, lakini ngazi zina barafu na siku hizi pumzi yangu haitoshi begi na ngazi kwa pamoja. Nilikupa namba kwa msimu mzima wa kubeba, nawe ulibeba mpaka Februari.

Njoo umalizie Machi.

Ni mimi rafiki yako,
Ovila Desrosiers
namba tano kabla yako