Maelezo Kuhusu Pampu ya Maziwa Iliyoitwa Bomu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, uwanja wa ndege, Kaunti ya Kericho
Jumanne, tarehe 11 Machi 2025

Jina: Loice Amondi Ouko
Umri: miaka 44
Kazi: karani wa ajira, kiwanda cha majani chai
Makao: Kapsoit
Mwandishi wa maelezo: Sajenti Grace Mokeira

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Hakuna aliyenitisha wala kuniahidi kitu, ingawa kuna mtu mmoja aliyenitaka ninyamaze, na nitamfikia. Nimemwambia Sajenti mapema kwamba nina hasira. Amesema hasira si kosa, mradi niseme niliyoyaona na kuyasikia, moja baada ya lingine.

Leo asubuhi, mwendo wa saa moja, nilifika kwenye uwanja huu wa ndege kwa safari ya kwenda Nairobi, ambako nilikuwa na mkutano wa kazi. Ndege ilikuwa ya kampuni ya Korongo, ile ndogo ya abiria kumi na wawili. Chumba cha kungojea ni kimoja tu. Kina benchi mbili, meza ya kukagulia, mizani ya kuning'iniza na fremu ya chuma ambayo mzigo wa mkononi lazima uingie. Tangazo ukutani linasema kila abiria ana mzigo mmoja wa mkononi usiozidi kilo saba. Sina ugomvi na tangazo hilo. Ndege ni ndogo na haiwezi kubeba kila kitu.

Nilikaa karibu na mama kijana ambaye sikumjua awali. Aliniambia anaitwa Stacy Chepng'eno, wa Kaplong, kule Bomet. Alikuwa amekaa upande mmoja kwa sababu ya mshono. Alinieleza kwamba alijifungua kwa upasuaji kabla ya wakati, kwamba mtoto alikimbizwa Nairobi kwa ambulensi pamoja na baba yake, Kipkemoi, na yeye akabaki amelazwa kwa sababu presha ilikataa kushuka. Jana daktari alimruhusu kusafiri, lakini si kwa barabara. Wakati wote huo alikuwa anakamua maziwa na kuyagandisha, kwa sababu tumbo la mtoto lilikataa ya kopo. Maziwa aliyotuma mwanzoni yalikuwa yanaisha leo. Haya mengine yalikuwa kwenye boksi la baridi miguuni pake, na pampu ya kukamulia ilikuwa kwenye kiondo. Alipoenda chooni aliniachia boksi, na kabla ya kuondoka alinionyesha namna ya kulishika lisilale upande.

Mhudumu wa kampuni aliyekuwa akikagua mizigo ni Robert Ooko, ambaye sasa ndiye mlalamishi. Namjua Robert. Tulilelewa kambi moja ya wafanyakazi wa chai, na mama zetu walichuma majani pamoja. Watoto wengi tuliocheza nao walikuwa Wakipsigis. Robert anakijua Kikipsigis kunishinda, na nusu ya maisha yake ameitwa Ropat na akaitika. Nimemwomba Sajenti aliandike hilo. Ameniuliza linahusiana vipi na kesi, nikamwambia angoje kidogo. Jambo lingine ni kwamba tangu Robert aende mafunzo Nairobi, Kiingereza chake kimehamia puani.

Mimi nilikaguliwa mapema. Begi langu lilikuwa na kompyuta, viatu vya akiba na paketi za majani chai za kuwapelekea watu. Lilizidi kilo saba, sihitaji mizani kuniambia. Robert alilitazama, akanitazama, akasema, "Pita, nyaminwa." Kwa Kijaluo hiyo ni dada yetu. Nikapita. Baada yangu akaja Bwana Muturi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na mfuko wa fimbo za gofu ambao ni mrefu kuliko ile fremu. Robert aliupokea kwa mikono miwili na kuusimamisha mlangoni vizuri usianguke. Hakuupima.

Kisha ikawa zamu ya Chepng'eno. Robert aliingiza mkono kwenye kiondo bila kumwomba ruhusa, akatoa pampu.

"Madam, hii ni pampu ya kukamua?"

"Ndio."

"Ya betri ama ya mkono?"

"Ya mkono."

Akaiinua juu ili benchi zote zione, akasema, "Kumbe huko Bomet siku hizi mnakamua hadi watu. Asubuhi unatoa kilo ngapi?"

Watu walicheka. Si wote, lakini walitosha. Bwana Muturi alicheka. Chepng'eno alitazama sakafu, akavuta leso yake kifuani. Sajenti ameniuliza kama nina hakika Robert alitumia neno pampu. Nina hakika. Alilitamka na p zote mbili.

Boksi la baridi liliingia kwenye fremu vizuri, na kwenye mizani halikufika kilo saba. Robert akasema tatizo sasa ni kwamba mizigo ni miwili. Kama anataka kusafiri, pampu iingie ndani ya boksi. Chepng'eno akamfungulia kifuniko aone. Ndani kulikuwa na chupa za maziwa na barafu, na hapakuwa na nafasi hata ya kidole.

"Basi toa chupa mbili uache hapa," Robert akasema.

"Hii si soda, ndugu yangu. Mtoto iko hospitali."

Akaomba kiondo kiende chini kwa mizigo mikubwa. Robert akasema sehemu ya mizigo imeshafungwa. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa dirisha. Mlango wa mizigo wa ndege ulikuwa wazi, tena umeachama.

Hapo Chepng'eno akaelekeza kidole kwenye mfuko wa gofu akauliza, "Na hiyo ya mzee, mmepima?" Aliuliza kwa upole tu. Lakini watu wakageuka kuutazama, na abiria mmoja nyuma yangu akasema hata yeye alikuwa anajiuliza. Bwana Muturi akaanza kusoma simu yake. Robert alibadilika uso. Nimemwona Robert akishindwa tangu tukiwa wadogo, na siku zote anapoishiwa na la kusema huanza kupaza sauti.

Akasema kwa nguvu, "Kwani hiki kitu unang'ang'ania ni nini?"

Chepng'eno naye sauti ilikuwa imepanda. Alisema, "Ni bamp. Si umeshika na mkono yako? Ni bamp ya masiwa."

"Rudia."

"Bamp."

Robert akainua redio ya mkononi na kusema kwa kile Kiingereza chake kwamba abiria mmoja ametangaza ana bomu. Lile neno la Kiingereza la bomu alilitamka bam, kwa pua, vile anavyolitamka siku hizi. Sisi wengine wa hapa, Wakipsigis, Wajaluo, Wakikuyu, tukitaka kusema bomu tunasema bomu. Hakuna aliyelisema neno hilo chumbani isipokuwa yeye.

Sasa ndio naomba Sajenti arudi kwa lile la Ropat. Mtu aliyeitwa Ropat miaka yote hiyo, b ya jina lake ikigeuzwa p, anajua p ya Mkipsigis inakwenda wapi na b inatoka wapi. Mgeni angeweza kukosea, na ningemtetea. Robert hakukosea. Alikuwa ameishika pampu, ameitaja kwa jina, ameifanyia mzaha mbele ya watu, na muda mfupi baadaye akaigeuza bomu kwa sababu mwanamke alimwuliza swali kuhusu fimbo za gofu. Sajenti ameniambia nisiseme alichokuwa anafikiria. Sawa. Nasema alichofanya.

Walinzi wawili wa uwanja waliingia, wakamshika Chepng'eno mikono na kumtoa. Alikuwa akiwaambia waende polepole kwa sababu ya mshono. Robert mwenyewe aliirudisha pampu kwenye kiondo, akakitundika begani, akabeba boksi kwa mkono mmoja na redio kwa mkono mwingine, akaliweka boksi na kiondo nje kwenye nyasi, juani, karibu na bawa la ndege. Akaliacha kifuniko wazi. Alisema kiachwe hivyo ili kitu kionekane. Kisha akarudi ndani na kututangazia tupande ndege.

Nilimwuliza, "Unatupandisha ndege iliyo kando ya bomu?" Alianza kukagua tiketi. Mtu anayeamini kuna bomu halibebi kwa mkono mmoja, wala hapitishi abiria karibu nalo mmoja mmoja. Hilo nililiona kwa macho yangu na waliopanda pia waliliona.

Nilitoka nikaenda kufunga kile kifuniko. Mlinzi akanizuia, akasema hicho ni kielelezo na hakiguswi. Nilimwambia kielelezo kinayeyuka. Akasema hiyo si kazi yake.

Robert akanifuata pale nje na kuninong'oneza kwa Kijaluo, "Nyaminwa, panda ndege uende mkutano wako. Haya si yetu."

Nilihisi kinyaa. Sajenti amekubali neno hilo liandikwe kwa sababu sina lingine. Aliyaona maziwa ya mtoto yakiyeyuka juani, na hesabu aliyofanya ni kwamba mimi na yeye ni Wajaluo, tunatoka upande mmoja wa ziwa, kwa hiyo nitanyamaza. Na nilichukia zaidi nilipokumbuka kwamba begi langu lilipita kwa hesabu hiyo hiyo. Nilimjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Robert, umeishika hiyo pampu na mikono yako." Akaniambia nisimharibie kazi.

Abiria wengine walipanda. Bwana Muturi alisema "pole mama" mara mbili, mara ya pili akiwa tayari kwenye ngazi, na mfuko wake ukapanda mbele yake. Mimi sikupanda. Ndege iliondoka bila Chepng'eno na bila mimi. Vumbi lake liliangukia lile boksi, kwa sababu bado lilikuwa wazi.

Sajenti alikuwa mjini kwa kazi nyingine na alifika karibu saa tano. Alitazama kwenye kiondo mara moja tu, akasema, "Hii ni pampu ya kukamua." Hakuhitaji kuuliza mtu. Akaagiza mama atolewe kwenye chumba alichofungiwa na boksi liletwe kivulini. Barafu ilikuwa imekwisha. Kila chupa ilikuwa na karatasi iliyoandikwa "Mtoto wa Chepng'eno" na tarehe. Chepng'eno alifungua moja, akanusa, akaifunga tena vizuri. Akafungua ya pili. Ya tatu hakuifungua.

Robert alikuwepo. Nilimsikia akimwambia Sajenti kwamba yeye alichukua tahadhari tu, na kwamba sheria ya mizigo ni sheria ya mizigo kwa kila mtu. Alisema hivyo akiwa amesimama wima, shati limepigwa pasi, kitambulisho kifuani. Sikujua mtu anaweza kusema uongo huku tumbo lake limetulia namna hiyo. Alipoona namtazama alinyoosha mkono anisalimie. Niliutazama huo mkono hadi akauondoa.

Sajenti ameniuliza kama nina kinyongo cha zamani na mlalamishi. Sina. Hadi leo asubuhi, mama yake akija kanisani kwetu nilikuwa namwachia nafasi mbele. Nitaendelea kumwachia, yeye hana kosa.

Ninapotoa maelezo haya, Chepng'eno yuko chumba cha pili na pampu yake. Amerudishiwa ili akamue mengine, kwa sababu ndege nyingine ni Alhamisi na tunatafuta mtu wa kuyapeleka Nairobi leo. Nimekwenda kumwangalia. Amejaribu titi moja, akajaribu la pili. Amekaa hapo karibu saa nzima na chupa bado imekauka. Anasema tangu washike mikono yake yale maziwa yamekataa kushuka. Ananiambia samahani, kana kwamba amenikosea mimi.

Nikiwa naye, simu yake ililia. Kwa vile mikono yake ilikuwa na pampu, aliniomba niipokee. Alikuwa Kipkemoi, akipiga kutoka hospitali. Alisema nesi ametumia ile chupa ya mwisho, na anataka kujua maziwa yamefika wapi. Nyuma yake nilisikia mashine na sauti ndogo ya mtoto akilia, sijui kama ni mtoto wao au ni wa mtu mwingine. Chepng'eno aliacha kukamua akanitazama mdomo. Nilimwambia Kipkemoi kwamba yako njiani. Huo ndio uongo pekee niliosema leo, na naomba uandikwe pamoja na ukweli.

Maneno yangu yanaishia hapo. Nimesomewa yote, ni yangu jinsi nilivyoyatamka, na hakuna hata moja nitakalolirudisha.

Sahihi: L. A. Ouko

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya mimi mwenyewe na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, naye akatia sahihi mbele yangu. Ripoti ya kwanza ilitaja kifaa cha mlipuko. Kifaa hicho ni pampu ya mkono ya kukamulia maziwa ya mama, moja, na kimerudishwa kwa mwenyewe. Chupa sita za maziwa zimemwagwa kwa ombi lake baada ya kupigwa picha. Bi Chepng'eno si mshukiwa tena na yuko huru kuondoka. Mlalamishi, Robert Ooko, ameagizwa abaki kituoni.

Sajenti G. Mokeira