Ramani ya Nyumba ya Ugenya

Garland, Texas

Mwanangu Oduor,

Nimekuficha jambo. Ramani ya nyumba yangu ya Ugenya, ambayo mafundi wako wanaingoja, sijaichora hata ukuta mmoja.

Huku joto limeanza kupungua. Dada yako Awino huenda kazini hospitalini, na wajukuu hunijibu kwa Kiingereza kisha hufunga milango yao. Mimi hubaki mezani na Tarrick, yule msanifu majengo Mwingereza wa enzi za Malkia Victoria ambaye ninaandika kitabu juu yake. Alibuni soko kubwa la nafaka lenye kuba la kioo, ili wafanyabiashara wakague ngano kwa mwanga wa jua. Mwenyewe alifia katika chumba cha kupanga.

Jana Awino alikuta uji wangu umepoa.

"Baba, huyo Mzungu wako alishakufa. Kula wewe uliye hai."

"Ndiye pekee anayekaa nami," nikamwambia. Alicheka, kisha akaupasha uji moto.

Najua mila yetu: mwanamume asiye na nyumba bomani hazikwi kama mtu mwenye kwao. Ndiyo maana unanihimiza, na daktari hanipi muda mrefu. Lakini kila nikishika penseli namkumbuka mke wangu, mama yako mkubwa, tuliyemzika hapa wakati wa korona, safari za ndege zilipofungwa. Kule makaburini hana mtu wa kwao hata mmoja.

Waambie mafundi waende zao. Nimeshamwomba Awino anizike kando ya mama yako mkubwa.

Baba yako mkubwa,
Owuor