Jumamosi Zako za Keroka

Baba Moraa mpendwa,

Sijui nikusalimie kwanza au nikugombeze kwanza. Ungekuwa hai ningeanza na ugomvi, unanijua, na salamu ungezipata ukishaketi. Lakini umelala pale kando ya nyumba, na mimi nimekaa mlangoni natazama udongo wako ambao haujajengewa bado. Nilidhani kufa kwako ghafla ndiko mshtuko mkubwa ambao ungewahi kunipa. Kumbe ulikuwa umeniwekea mwingine, na huo ndio ulioniketisha hapa na kalamu.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Nilikupigia pasi shati la samawati, nikakufungia ndizi za kuchemsha, nawe ukabeba ule mkoba wako uliojaa vitabu mpaka bega likalala upande. Ofisini Nyamira ulikuwa kaimu kwa muda mrefu, na walikuwa wamekuambia waziwazi kwamba bila shahada ya uzamili ya usimamizi wa umma utabaki kaimu mpaka ustaafu. Ukajiandikisha chuoni Kisii, kwenye darasa la maofisa wa serikali linalokutana mwisho wa wiki. Wenzako Wasabato walipangiwa Jumapili, sisi Wakatoliki tukapewa Jumamosi. Ukitoka langoni ulikutana na majirani wakienda kanisani na Biblia zao, na mama mkwe wa ndugu yako Ombati hakuacha kukuchokoza: "Wewe unaenda kusoma siku ya Bwana?" Nawe ulimjibu, "Bwana wangu ananingoja kesho, mama." Nilicheka kila mara, ingawa jibu lilikuwa lile lile.

Jioni ulirudi ukanisimulia. Ulinieleza kwa nini mradi hufa mfadhili akigeuza mgongo, kwa nini wananchi huja kwenye kikao cha kutoa maoni wakanyamaza, halafu wakalalamika njiani. Mimi msimamizi wa wadi nilikuwa nakusikiliza huku namenya viazi, na Jumatatu nikawaambia wenzangu maneno yako kana kwamba ni yangu. Wakaniona nina akili. Nilijivunia wewe mpaka nikawachosha wanawake wa jumuiya yetu, maana hawakuweza kutaja hata bei ya sukari bila mimi kuingiza uzamili wa mume wangu.

Halafu presha ikakuchukua, bila kuaga.

Kwenye mazishi ndugu yako Ombati alisoma wasifu wako. Ulikuwa umetuambia umebakisha tasnifu tu, lakini Ombati hakuona sababu ya jambo dogo kama hilo kumzuia. Alikutunuku shahada mwenyewe, pale pale mbele ya jeneza, na umati mzima wa kijijini Gesima ukaguna kwa heshima. Kwetu, unajua, mtu hazikwi na jina tupu. Nyuma kabisa, karibu na shamba lako la chai, walisimama wanaume fulani nisiowafahamu, wamevaa makoti ya madereva, wakilia kwa sauti. Nilifikiri wamepotea njia, wamekuja kwenye msiba usio wao.

Mwaka huu na mimi nikaambiwa yale uliyoambiwa: bila uzamili hakuna kupanda. Nikaenda Kisii kujiandikisha. Mratibu wa kozi ni mama mmoja mpole, na nilipomwambia kwa kujigamba kwamba nafuata nyayo za mume wangu, nikamtajia jina lako, alivua miwani.

"Pole sana kwa msiba," akasema. "Bwana yako nilimfundisha mimi mwenyewe. Lakini alikaa na sisi muhula wa kwanza tu."

Nikamwambia amechanganya watu.

"Hapana, mama. Takwimu ilimshinda. Tulimpigia simu tukamwambia arudie mtihani, hata wengine walikuwa wanarudia. Hakurudi. Tulidhani amehamishwa kikazi."

Baba Moraa! Nilishika meza ya watu. Mama yule akaniletea maji, nikayanywa yote. Muhula mmoja! Na mimi nimepiga pasi mashati mpaka wiki uliyokufa! Nilijiambia kuna mwanamke mwingine. Nisikufiche, hilo ndilo lililonijia kichwani kabla ya jingine lolote, na nikaanza hata kumchagulia sura na mtaa anaokaa.

Njiani kurudi nyumbani, gari lilipofika Keroka nikashuka nipate hewa. Nikiwa nimesimama pale yanapoegeshwa malori, mtu akaniita, "Mama Profesa!" Sikugeuka. Mimi si mama wa profesa yeyote. Akaita tena, akanifuata, na nilipomtazama nikalitambua lile koti. Alikuwa mmoja wa wale waliolia nyuma ya umati.

"Mama, si wewe ndio bibi ya Profesa? Tulikuja kumzika. Pole sana, sisi hapa tulimalizwa kabisa."

"Profesa gani?" nikauliza.

Akanipeleka kwenye kibanda cha chai cha Mama Akinyi, mama wa upande wa ziwa anayewapikia madereva. Nje kulikuwa na benchi, na ubao wa drafti, na vifuniko vya soda vimepangwa tayari kwa mchezo. Madereva wakasimama wote nilipofika. Mama Akinyi akafuta benchi kwa leso yake.

"Kaa hapo, dada," akasema. "Hiyo ndio ilikuwa kiti yake. Kila Jumamosi, mvua inyeshe, jua liwake."

"Alikuwa anatuchapa sisi wote," yule dereva akasema. "Hata wale wa Kericho walikuwa wanasimamisha lori wacheze na yeye. Asubuhi anasoma kwanza, hataki kusumbuliwa. Anasoma hiyo kitabu yake ya hesabu mpaka anashika kichwa. Halafu anaifunga, anasema, haya, leteni ubao."

"Nilikuwa namuuliza, mwalimu, wewe huna kazi?" akasema Mama Akinyi. "Ananiambia, mama, mimi niko shule."

Wakacheka kwa upendo. Na mimi nikacheka, halafu nikashindwa kuacha, na Mama Akinyi ndiye aliyenishika nilipoanza kulia.

Nilirudi nyumbani nikielewa jinsi ulivyoweza. Jumamosi nusu ya Gesima iko kanisani. Nani angekuona Keroka? Nusu nyingine ni Wakatoliki kama sisi, nao wako mashambani wanachuma chai, vikapu mgongoni. Ulijificha mchana kweupe, kwenye mji ambao kila mtu anapita, na ulikuwa salama kabisa. Hata darasani hukuhitaji kwenda ili unifundishe. Vitabu vile ulivisoma kweli, vyote isipokuwa kimoja.

Nilikukasirikia, Baba Moraa. Nilikukasirikia mpaka nikaacha kupita upande wa kaburi lako nikienda kuchota maji. Tulilala kitanda kimoja, tukamzika baba yako pamoja, ulinishika mkono Moraa alipokuwa anazaliwa na daktari hayupo, halafu neno dogo kama "nimefeli" likakushinda kuniambia? Uliniogopa? Nilimuuma nani? Na darasani, siku yangu ya kwanza, somo lilikuwa uwazi na uwajibikaji katika utumishi wa umma. Nilitoka nje nikasimama uani peke yangu mpaka kipindi kikaisha.

Ombati naye hakunipa nafasi. Alileta fundi wa kujengea kaburi, na vigae ameshachagua, vya bluu, na maandishi ameyatunga: jina lako, halafu shahada, halafu cheo, bila hata lile neno kaimu. Nikamwambia aandike jina tu.

"Shemeji," akaniambia, macho yamemtoka, "unataka ndugu yangu alale kama mtu wa kawaida?"

"Alikuwa mtu wa kawaida."

"Mbele ya watu wote nilisema ana uzamili! Wakija kuona kaburi halina, wataniita mwongo."

Ningemwambia nini? Nikifungua mdomo nakuvua nguo mbele ya ukoo mzima, na nikinyamaza uongo wako unachorwa kwenye jiwe, na Moraa ataupangusa vumbi maisha yake yote. Nilimwambia fundi angoje. Ombati hajanisalimia tangu siku hiyo, na mama yako anasema huzuni imenigeuza mchoyo.

Basi nikarudi Kisii kusoma. Na takwimu ikanikuta na mimi. Mwalimu ni kijana mwepesi, anaandika ubaoni huku anafuta, na sisi maofisa wazima, watu wanaopigiwa saluti na askari wa kaunti, tunatazamana kama watoto wa chekechea. Nilikaa na kitabu chako, kile kile, nimekitoa kwenye mkoba wako. Kurasa za mwanzo zimechakaa kabisa, za mwisho ni safi. Hapo ndipo hasira iliponitoka. Nilikuona kwenye lile benchi, umeshika kichwa, Jumamosi baada ya Jumamosi, unaanza upya pale pale.

Leo matokeo yametoka. Nilikuwa jikoni simu ilipolia, mwenzangu wa darasa akanisomea. Moraa alikuwa anapepeta maharagwe mlangoni, akainua uso.

"Mama, umepita?"

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nimepita."

Haikusita hata kidogo. Ilitoka laini, na tabasamu juu yake, na mtoto akaruka akanikumbatia, ungo ukamwagika. Alinukia vumbi la maharagwe. Aliniambia, "Nilijua tu, wewe na baba ni vichwa." Na mimi nimesimama nimeshikwa vile. Sijawahi kujishtukia hivyo tangu nizaliwe. Maana nilikuwa nimeshaanza kupanga: Jumamosi ijayo nitatoka na mkoba, nitasema tuna kipindi cha ziada. Ilikuwa rahisi, Baba Moraa. Hakuna aliyeniambia ni rahisi hivyo.

Nikamtoa mikono shingoni taratibu.

"Moraa, nimefeli. Takwimu. Nitarudia." Akanikodolea macho. "Na baba yako alifeli somo hilo hilo. Hakuwahi kumaliza. Jumamosi hakuwa Kisii."

"Alikuwa wapi?"

"Keroka. Alikuwa anasoma kidogo, halafu anacheza drafti na madereva wa malori."

Akakaa chini kati ya maharagwe. Nilimwona akikupoteza mara ya pili, na nilijuta, na sikuweza kurudisha neno. Alianza kuokota maharagwe moja moja. Halafu akaniuliza, polepole, macho yamejaa maji:

"Alikuwa anawashinda?"

"Wote," nikamwambia. "Hata wale wa Kericho."

Pumzika sasa, mume wangu, huna tena mahali pa kujificha wala sababu. Kesho nampigia fundi, aandike jina tu.

Wako, aliyekupigia mashati pasi na angeyapiga hata ungemwambia ukweli,

Mama Moraa