Mkono wa Selemani

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nzima chanjo ya kideri. Akina mama wamefurika dukani, kila mmoja na chupa ya chai iliyojaa barafu ili dawa isiharibike njiani. Kuku wanakufa huko vijijini. Nimeongea mpaka koo limekauka.

Saa kumi nikarudisha mlango nusu, nikaegemeza simu kwenye kopo la dawa ya minyoo. Mechi ya kikapu ya Selemani, kijana niliyemfundisha, moja kwa moja kutoka Dar. Video inakwamakwama. Amecheza dakika kumi na moja. Pointi mbili. Kapoteza mpira mara nne. Mara moja kaurusha moja kwa moja mikononi mwa adui.

Kundi letu la simu limewaka moto. Tuko sitini na kitu, wote wa Manyoni au waliozaliwa Manyoni. Nusu wanasema apewe muda. Nusu wanasema huu ni msimu wa pili, muda gani tena? Hamza wa bodaboda kaandika arudi tumpe jembe. Mimi nimeandika: kijana ana miaka ishirini, mwacheni akue. Mwalimu Petro kaniunga mkono kama kawaida yake.

Jumanne, 17 Juni

Selemani kapiga simu. Mchana, nikiwa na mteja. Nilijua kuna jambo, kwa kawaida huwa ananitumia ujumbe tu.

Anasema mkono wake wa kulia unakufa ganzi akienda kutupa mitupo huru. Kwingine kote uwanjani uko sawa. Akisimama tu pale kwenye mstari, watu wote wanamtazama, vidole havisikii mpira. Halafu vinaanza kutetemeka. Usiku wa kuamkia mechi halali. Hajamwambia daktari wa timu. Hajamwambia mama yake.

"Kocha, usimwambie mtu."

Nimemwambia sitamwambia mtu. Nikamwambia avute pumzi, adunde mpira mara tatu, asiangalie jukwaa. Sijui kama inasaidia.

Niandike ukweli hapa. Nilisikitika, lakini nilifurahi pia. Timu ina makocha watatu, na aliyempigia ni mimi. Mimi niliyemshika kidato cha pili pale uwanja wa sekondari, wenye nyufa, kila Jumamosi kwa miaka minne. Nimetembea siku nzima kama mtu aliyepewa cheo.

Jumamosi, 21 Juni

Wameshinda, lakini Selemani kakaa benchi karibu mechi yote. Kaingia dakika tatu. Kwenye kundi mabishano yaleyale. Petro anaandika aya ndefu kuhusu subira, kama yuko darasani. Watu wanamjibu kwa vikatuni.

Halafu Hamza akauliza: kwani alifundishwa na nani huyu? Mwingine akajibu: na muuza dawa za ng'ombe. Vicheko vingi.

Nikaweka simu mfukoni. Lakini limeniuma kuliko nilivyotarajia. Mke wangu kaniuliza mbona sili. Nikasema tumbo.

Jumamosi, 28 Juni

Nimefanya ujinga.

Sekunde nane zimebaki, wako nyuma kwa pointi moja. Selemani kachezewa rafu. Mitupo miwili. Kadunda mpira mara tatu, kama nilivyomwambia. Wa kwanza haukugusa hata chuma. Wa pili umegonga ubao ukarudi. Wamefungwa kwa pointi ileile.

Kabla sijaweka simu chini Hamza kaandika: kocha wa ng'ombe, tuambie sasa.

Nikabonyeza pa kurekodi. Dakika mbili na zaidi. Nilisema mimi nilimfundisha kila kitu, mtupo wake ulikuwa safi kuliko wa yeyote mkoa huu. Nilisema tatizo si mafundisho, ni moyo. Hana moyo. Nikasema kanipigia simu mwenyewe, analia kwamba mkono unakufa ganzi na kutetemeka akiona watu. Hakulia. Hilo niliongeza mimi. Nikamalizia kwamba mtu wa hivyo hata afundishwe na nani, basi.

Nilipoituma nilijisikia mwepesi. Kwa muda wa kama kunywa maji. Kisha vicheko vikaanza kuingia, kimoja baada ya kingine, na sasa havikuwa vya kunicheka mimi.

Jumapili, 29 Juni

Petro kanisubiri nje ya kanisa. Hakunisalimia. "Ile sauti ifute." Nikaifuta palepale, mbele yake. Akasema asubuhi kaipata kutoka kwa shemeji yake aliyeko Mwanza.

Jumanne, 1 Julai

Imefika Dar. Mashabiki wa timu wanaisambaza kwenye kurasa zao. Wamekata kipande cha mkono tu, wakaweka na picha yake akikosa. Sauti yangu. Mtoto wangu Neema kaisikia shuleni, kwenye simu ya mtu. Kaniuliza: "Baba, ni wewe?" Nikasema ndiyo. Akaenda jikoni kwa mama yake.

Jumamosi, 5 Julai

Sikutaka kutazama. Nikatazama.

Robo ya pili Selemani kapata mitupo miwili. Jukwaa upande wa wapinzani wote wakainua mikono ya kulia wakaanza kuitikisa. Mamia ya watu. Mikono inatetemeka hewani na wanacheka. Kisha kamera ikageukia upande wa timu yake. Na huko wapo waliokuwa wanatikisa.

Alisimama pale muda mrefu. Mwamuzi akampa ishara. Mpira ulimponyoka mikononi ukaviringika.

Nilizima simu. Kuna mzee alikuwa anagonga mlango, anataka dawa ya kupe. Nikamhudumia. Nikampa ya mbuzi badala ya ya ng'ombe, akairudisha.

Jumapili, 6 Julai

Nimempigia mara tano. Haipokelewi. Nimemwandikia: nisamehe mwanangu, nilikasirishwa na watu wengine nikamalizia hasira kwako. Ameusoma, alama zimekuwa za bluu. Hakuna jibu. Ningekuwa yeye nisingejibu.

Jumatano, 9 Julai

Mama Sele kaja dukani. Nilimwona tangu ng'ambo ya barabara, kanga kichwani kwa ajili ya vumbi. Upepo wa mwezi huu ni mkali. Nilitamani kujificha nyuma ya rafu.

Kanisalimia vizuri. Kauliza habari za nyumbani, za Neema, za Mama Neema. Kanunua vitamini za vifaranga. Nikasema asilipe. Kaweka pesa juu ya kaunta.

Nikaanza kusema, Mama Sele, kuhusu Selemani. Akanikatiza, kwa upole kabisa.

"Baba Neema, mimi mamaye hakuniambia. Nimejua kupitia kwako, sokoni, kwenye simu ya muuza nyanya."

Kisha akasema jambo kwa Kinyaturu, kwa sauti ndogo, kama anajisemea. Nililielewa. Sitaliandika.

Jumamosi, 12 Julai

Hayumo kwenye kikosi. Wamesema majeraha.

Kwenye kundi mambo yamegeuka. Hamza sasa ndiye anaandika kwamba vijana wanahitaji muda na kwamba watu wazima wanaua vipaji. Nilitaka kumtukana. Kisha nikasoma tena nikaona hakusema uongo.

Nimeandika pale, kwa maandishi, ili kila mtu asome: Selemani hakulia, niliongeza mwenyewe. Aliniamini nikamsaliti. Msiisambaze tena. Watu wanne wameweka alama ya mikono ya sala. Mmoja kauliza mechi ijayo ni saa ngapi.

Nimejitoa kwenye kundi.

Jumanne, 22 Julai

Timu imemwacha. Petro ndiye kaniambia. Karudi jana na basi, kashuka mchana, begi moja.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeenda kwao. Mke wangu alisema nisubiri nialikwe. Nikamwambia sitaalikwa kamwe.

Walikuwa wanapiga alizeti uani, yeye na mama yake, kwa fimbo. Selemani ni mrefu mno kwa kazi ile, anainama kama anaokota kitu. Aliponiona akaweka fimbo chini, akapangusa mikono, akaja.

"Shikamoo kocha."

Ilibidi aniangalie ndipo nikasema marahaba. Akaniletea kiti. Mama yake akaendelea kupiga, hakugeuka.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yote yalitoka ovyo. Nikasema nimekosa. Nikasema walinicheka na mimi nikataka wacheke mtu mwingine. Kwamba lile la kulia nililitunga.

Kuku walikuja kwenye alizeti, Selemani akawafukuza kwa mguu.

Akasema, "Kuhusu mkono hukudanganya, kocha. Ni kweli ulikuwa unakufa. Hata lile la kulia lisingenisumbua." Akatazama viganja vyake. "Ila nilikuwa na mtu mmoja wa kumwambia. Nilipotoka pale kwenye mstari, ile siku ya mikono, nilitaka kumpigia. Nikakumbuka ni wewe."

Nikamwuliza kama ataniruhusu tufanye mazoezi tena, hapa, Jumamosi, wawili tu. Akasema hapana, asante. Hakusema kwa hasira. Nilitamani angekasirika, ningejua pa kushika.

Alinisindikiza mpaka barabarani, kwa adabu ileile. Akasema nimsalimie Neema.

Jumapili, 17 Agosti

Selemani ameenda Dodoma. Kuna timu ndogo imemchukua kwa majaribio. Kuna daktari pia, Petro alimtafutia, na humsindikiza kumwona. Kumbe wamekuwa wakizungumza wiki zote hizi. Petro hakuniambia, na nimeelewa kwa nini.

Ni vizuri. Naandika ni vizuri, na nataka iwe vizuri. Lakini nimekaa na kalamu muda mrefu, wivu unanitafuna kama mtoto.

Jumapili, 31 Agosti

Siku tulivu. Baada ya ibada tulikula wali na kuku, Neema kanisimulia mambo ya shule, ameanza kunisimulia tena. Upepo umepungua.

Jioni Petro kapita nyumbani kuchukua dawa ya mbwa wake. Amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Akasema kijana kacheza jana Dodoma. Dakika saba. Wamempa mitupo miwili.

Nikasubiri. Petro naye akasubiri, nadhani alitaka niulize kama iliingia.

Nikamwambia mbwa apewe nusu kidonge, asubuhi, kabla ya kula. Akashukuru, akaenda. Nimesimama pale mlangoni hadi alipokata kona, kisha nikaingia ndani kumsaidia Mama Neema kuanua nguo.