Kiyoyozi cha Chumba Nisichoingia

Mama Minza,

Kosa la watu wengi wanaponunua kiyoyozi ni kukinunua kwa ajili ya wageni. Wanakipachika sebuleni, juu ya televisheni, ili kila anayeingia akione hata kabla hajasalimia. Kisha wageni wanaondoka, na wenye nyumba wanakwenda kulala kwenye vyumba vinavyochemka. Wewe ungeliona kosa hilo ukiwa bado mlangoni. Ungeuliza swali lako lile moja: "Nani analala hapo?"

Uliuliza hivyo tulipokuwa tunapima msingi wa nyumba hii, hapa pembezoni mwa Shinyanga. Uliuliza tulipochagua vyandarua. Na siku nilipoleta feni kubwa nikaiweka sebuleni kwa fahari, hukuniuliza kitu. Kesho yake niliikuta chumbani kwa mama yako. Hukugomba, hukueleza. Feni ilihama tu, na mimi nikajua swali limeulizwa na limejibiwa.

Nakuandikia kukupa habari za mama, kwa sababu neno lako la mwisho kwangu pale wodini lilikuwa juu yake: "Nikiondoka mimi, mama asiondoke."

Hajaondoka. Lakini alikaribia kuondoka, na nataka ujue kilichomzuia.

Unajua jinsi tulivyokuwa, mimi na yeye. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, na chumba chake cha kulala sikukanyaga tangu alipotoka Runzewe kuja kwetu kwa ajili ya kliniki ya presha. Maneno yetu yote yalipita kwako. Baada ya mazishi nilidhani tutanyamaza kabisa, wazee wawili ndani ya nyumba moja, bila daraja. Haikuwa hivyo. Asubuhi ya kwanza baada ya waombolezaji kutawanyika, nilimsikia akisema na kiti chako cha sebuleni: "Kabula, mwambie mwenzio uji umeiva." Kisha nami nikakiambia kiti kile kile: "Mama Minza, mwambie mama ahsante, nakuja."

Basi tukaendelea hivyo. Kila siku tulikutuma, mke wangu. Hukupata mapumziko.

Kiangazi cha kwanza bila wewe kilikuwa kikali. Mwezi wa kumi, mvua zikichelewa, bati la chumba cha mama lilikuwa kama kikaango. Chumba chake kiko upande wa machweo, na ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto hata jua likishazama. Mimi nilifundisha fizikia miaka mingi, jambo hilo naweza kulieleza vizuri sana. Kulieleza hakukumpoza mtu. Daktari alikwisha kusema presha yake haitaki joto kali. Alikuwa akitoka barazani kutafuta hewa, na alfajiri moja akaanguka kwenye ngazi. Hakuvunjika, ashukuriwe Mungu. Lakini alipoinuka pale chini alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona kwake, uso wa mtu aliyeogopa.

Masanja akapata habari. Mdogo wako bado ananunua dhahabu kule Rwamgasa, bado anaongea kana kwamba anashindana na mashine ya kusaga mawe. Alimchukua mama akakae kwake. Haikupita wiki, gari lake likarudi, mama akashuka na mzigo wake, akapita moja kwa moja hadi kwenye kiti chako. "Kabula," akasema, "mwambie mwenzio nimerudi. Kule nililala kama mzigo stendi."

Ilikuwa hivi. Masanja ana kiyoyozi kikubwa sebuleni. Sebule ni baridi ya kuvaa sweta, vyumbani mtu anaokwa. Kwa hiyo mama alitandikiwa kwenye kochi, mbele ya wachimbaji na madalali wanaoingia na kutoka tangu asubuhi, kila mmoja akimwamkia, naye akiitikia marahaba akiwa amelala. Mwanamke yule, ambaye hata mimi sijawahi kumwona bila kitambaa kichwani!

Masanja hakuona tatizo liko wapi. Juma lililofuata akaja na pikapu, na ndani yake boksi kubwa kama kabati.

"Shemeji, hii ina nguvu ya BTU elfu ishirini na nne," akasema akilipigapiga. "Weka hapa sebuleni, fungua milango yote. Baridi itatembea yenyewe hadi kwa mama."

"Baridi haina miguu, shemeji."

"Ndiyo maana ninyi walimu hamnenepi. Mnabishana hata na zawadi."

Tulicheka, maana bila utani mtu na shemeji yake wataongea nini. Kisha akaacha kucheka. "Sikia, Baba Minza. Mama akianguka tena, namrudisha Runzewe. Kule angalau nyumba ni ya nyasi." Alisema kweli kuhusu nyasi. Lakini Runzewe ni mbali na kliniki yake. Na neno lako lilikuwa masikioni mwangu.

Nikamkalisha nikamweleza, kama ulivyokuwa ukinionya nisiwaeleze watu. Mashine ile haitengenezi baridi. Inabeba joto kutoka ndani na kulimwaga nje, kama mtu anayekumba maji kwenye mtumbwi unaovuja. Ukifungua milango yote, umeongeza matundu ya mtumbwi. Mashine ya namna hii, yenye kipande kimoja ukutani ndani na kingine nje, ni ya chumba kimoja kilichofungwa. Basi uamuzi wa kwanza ni wa chumba, na dukani mtu huenda baadaye.

Na ukubwa nao una adhabu yake. Mashine kubwa kwenye chumba kidogo hupoza haraka ikazima, joto likirudi ikawaka, ikazima tena. Msimu wa mvua, mashine hiyo huacha unyevu hewani, kwa sababu haikufanya kazi muda wa kutosha kuukausha, na mtu analala kwenye ubaridi wenye majimaji. Wewe ulikuwa ukiwaambia wasichana uliowafundisha sayansi kimu kwamba nguo hukatwa kwa mwili wa mvaaji, haikatwi kwa wingi wa kitambaa. Nilimwambia Masanja maneno hayo na kumtajia mwenye maneno. "Dada alikuwa anajua," akasema. Boksi lilikuwa halijafunguliwa, na duka likakubali kubadilisha.

Sasa ikabaki kupima mwili wenyewe, yaani chumba. Na hapo, Mama Minza, ndipo nilipokukosa kuliko siku zote.

Nilipima kwa nje. Nilitembeza utepe ukutani, nikatoa unene wa matofali, nikapata chumba cha mita nne kwa tatu na nusu. Nikasema, tukiweka dari chini ya bati na pazia zito dirishani, ya elfu tisa inatosha. Nilikiambia kiti chako kimwombe mama ahamie chumba cha zamani cha Minza, upande wa mashariki, kazi iwe rahisi zaidi. Jibu likaja kupitia kiti hicho hicho: "Kabula, mwambie mwenzio sihami." Hakutoa sababu. Sikuwa na njia ya kuuliza.

Fundi akaja, kijana mpole wa hapa mjini. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, kitanda kiko upande gani? Hewa isije ikampiga mgonjwa kichwani."

Sikujua. Miaka yote ile, nyumba yangu mwenyewe, sikujua mama yako analaza kichwa upande gani.

Nikamwambia fundi tumngoje binti yangu Minza aje kutoka Geita, aingie yeye kupima. Akauliza binti atakuja lini, nikasema mwisho wa mwezi. Tulikuwa sebuleni, na mama alikuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni akichambua choroko. Alisikia yote. Nikamwona anaweka ungo chini na kukigeukia kiti chako.

"Kabula, mwambie mwenzio..."

Akakoma. Alikitazama kiti, Mama Minza. Alikitazama kama mtu aliyegundua mwanawe amechoka na bado anamtuma kisimani.

Kisha akageuka, akanitazama mimi. "Baba Minza," akasema, "mimi natoka, nakwenda bustanini. Mtu akishatoka, chumba ni kuta tu, kuta hazina ukwe. Ingia upime."

Akajifunga khanga yake vizuri, akachukua fimbo, akaenda kukaa kwenye mchicha na mgongo wake ukiwa umeelekea nyumba.

Nikaingia. Nilivua viatu, sijui kwa nini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama cha wodi. Dirishani alikuwa ametundika khanga iliyolowa maji, ile yako ya rangi ya zambarau, kama ulivyokuwa ukifanya wewe kila kiangazi. Unakumbuka nilivyokueleza kwamba maji yakikauka huchukua joto, nawe ukaniambia, "Nilijua kabla hujanieleza"? Nilicheka peke yangu mle ndani, chumbani kwa mama mkwe wangu. Halafu nikaona kiti kidogo kando ya dirisha, na mto juu yake, mto uliobonyea kwa kukaliwa. Nikasogeza khanga, nikainama kutazama kile anachotazama. Anatazama kaburi lako.

Ndiyo sababu hakuhama. Na mimi nilikuwa tayari kumwekea pazia zito.

Nikatoka nikamwambia fundi mahesabu yamebadilika. Dirisha litabaki bila pazia. Kwa kuwa kioo cha upande wa machweo kitaingiza joto, tukachukua ya elfu kumi na mbili, si zaidi. Nje juu ya dirisha tukajenga kipaa kirefu cha nyasi kinachokinga jua kali la alasiri. Lile la jioni kabisa bado huchungulia, tumeliachia. Tukaweka dari. Kipande cha ndani kiko juu upande wa miguuni, kinapuliza hewa kuvuka chumba bila kugusa kichwa chake. Kile cha nje tumekificha pembeni, kwenye kivuli, mahali penye nafasi ya kupumua. Sikutaka kukungurumia masikioni.

Nilichagua ile inayopunguza mwendo wake chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka, maana haina kelele za ghafla na haimalizi uniti za umeme ovyo. Na nilitaka iwe inayoweza kugeuka, ichukue joto la nje na kulileta ndani. Muuzaji alinionyesha alama ya jua kwenye rimoti. Nikamwomba tusome kibandiko cha mashine yenyewe, kwa sababu rimoti moja hutengenezewa mashine nyingi, na nyingine hupoza tu hata ukibonyeza jua mpaka kidole kichoke. Alikasirika kidogo. Ile ya kwanza ilikuwa ya kupoza tu. Tukachukua nyingine. Kwa umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, nimeiwekea pia kifaa cha kuilinda.

Mwezi wa sita, baridi ya alfajiri ilipokuja na viungo vya mama vikaanza kuuma, nilibisha mlango nikamwambia abonyeze alama ya jua. Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Baada ya muda nikamsikia akishukuru kutoka ndani: "Wabeja, Baba Minza. Hiki kidude kina akili kama marehemu." Sijui kama alikusudia kukusifu wewe au kukisifu kidude. Nilipokea kwa niaba yako.

Presha yake imetulia. Barazani anatoka kwa kupenda. Masanja alipokuja Pasaka aliingia chumbani kwa mama akakaa humo mpaka chakula kikapoa, na alipotoka akasema atafunga kimoja kwenye chumba cha wanawe. Sikumwambia neno. Nimejifunza kwako kuacha feni ihame yenyewe.

Sasa mvua za pili tangu uondoke zinakaribia, na mimi na mama tunaongea. Si mengi. Habari za redio, choroko, presha yake na magoti yangu. Bado hatutazamani sana usoni, heshima ni heshima. Kiti chako tumekiacha pale pale, lakini hakitumwi tena. Ulitubeba wote wawili miaka yote, na hata ulipokwisha kulala tuliendelea kukuamsha kila asubuhi kwa ajili ya uji. Sijawahi kukutana na mtu aliyejua kama wewe kupita katikati ya watu bila kuonekana, kila mmoja akabaki na heshima yake. Tumechelewa, lakini tumekuelewa. Pumzika, Kabula. Nakuita kwa jina lako, mara hii moja.

Nakuahidi mama hataondoka. Vichujio vya mashine yake nitavitoa na kuviosha mwenyewe, yeye akiwa mchichani, maadamu mikono yangu inafika.

Barua hii atakusomea Minza hapo ulipo, kwa sauti, mama akisikiliza dirishani. Minza naye anataka kununua kiyoyozi kwa nyumba yake ya Geita, na ameniuliza anunue cha aina gani. Basi Minza, mwanangu, hili ni lako: ukifika kwako, jua likiwa bado kali, ingia chumba anacholala mwanao, funga mlango, ukae kitandani pake.