Bwana Yake Yupi?

Mzee Mutiso,

Tangu tukuzike kule Kalama, ofisi yetu ya upelelezi ni mimi pekee. Nakuandikia juu ya ile kesi. Mzee Kioko ametoka rumande. Si yeye aliyemsukuma mke wa mwanawe kisimani.

Ngoja, usinikatize. Ulikuwa na hiyo tabia.

Unakumbuka yule kijana anayeshona nguo katika kiwanda cha EPZ alivyotuajiri, akiapa kwamba Kioko, baba yake, hawezi kuua. Aliyeona ni Nduku peke yake, binti mdogo wa huyo kijana. Polisi walipomuuliza nani alimsukuma mama, alijibu, "Ni bwana yangu." Mimi, mtoto wa Waislamu wa mjini, nilishtuka. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa. Ukanieleza kwamba Nduku amepewa jina la nyanya yake, kwa hivyo babu humwita mke wangu, naye humwita babu bwana yangu. Utani wenu Wakamba. Kisha hukucheka tena. "Basi ni Kioko. Mwiitu, binti yangu, kazi imeisha." Wiki hiyo hiyo moyo wako ukasimama.

Nilienda kumwona mtoto. Alikuwa analala kwa Muli, ndugu mdogo wa Kioko, na siku hiyo alikataa kabisa kuingia ndani. Nikamuuliza tu, kama mgeni asiyejua kitu: bwana yako yupi?

Akaninong'oneza, "Yule mdogo."

Lo! Kumbe ndugu za babu nao ni mabwana! Na wewe ulijua hilo tangu utotoni, Mzee. Ulilizoea mno hata hukuuliza.

Nilimpeleka Nduku kwa shangazi yake jioni hiyo. Muli alikuwa ametuambia kwamba siku ya kifo alikuwa Konza akichunga ng'ombe. Mwenye ng'ombe anasema hakumwona. Waligombania mpaka wa shamba, yeye na marehemu. Sasa yuko ndani.

Nilidhani Kioko akirudi mtoto atamkimbilia. Mzee alifungua mikono, akaita, "Mke wangu!" Nduku akarudi nyuma.

"Usiniite hivyo tena."

Kioko aliketi chini, akalia. Nami nililia, na nimekukasirikia sana, maana hukungoja hata kidogo.

Siku ya ushahidi nitaketi mahali Nduku atakaponiona. Hakuna atakayemlisha maneno, hata mimi. Hilo nakuahidi.

Haya, Mzee. Pumzika.

Zuhura