Matawi ya Shimo la Olwalo

Soko la Olwalo,
12 Machi 1989

Baba mpendwa,

Salamu kutoka huku ziwani. Je, kikohozi kimepungua, au baridi ya Kericho bado inakusumbua? Sisi tu wazima, isipokuwa Mama. Jumanne alianguka katika shimo la kanjo, hawa watu wa baraza la mji, mbele ya soko. Ameumia uti wa mgongo, miguu haina nguvu. Yuko hospitali, Kisumu.

Unalikumbuka shimo lile, sisi ndio tuliokuwa tukiliwekea matawi ili wapita njia walione. Asubuhi hiyo watu wa kanjo waliyaondoa kwa sababu mgeni mkubwa angepita. Niliuliza, "Na shimo?" Msimamizi akacheka: "Msichana, hiyo sasa ni kazi ya kanjo, nyinyi acheni. Litafunikwa leo." Halikufunikwa. Mvua ikalijaza maji, yakalingana na barabara. Mama alikuja na karai la dagaa wa omena kichwani. Hakuona matawi, akadhani limefukiwa, kama sote tunavyojua hapa: pasipo matawi hapana shimo.

Anasema kanjo walimchimbia kaburi wakasahau sanduku. Wauguzi walicheka. Mimi sikuweza.

Wakili Muhidin anataka kuwashtaki kanjo, nami nitoe ushahidi.

Bintiyo,
Adero

Kericho,
2 Aprili 1989

Kwa binti yangu Adero,

Barua yako niliisomea shambani kwenye chai, nikakaa chini. Mwambie mama yako ajikaze. Kikohozi changu si neno.

Mambo ya korti, acha. Kibanda cha mama yako sokoni ni cha kanjo. Wakikifunga, wadogo zako watakula nini? Nani alishtaki serikali akalala usingizi? Na wewe, hata kanisani wakikuita usome, unajificha nyuma ya Mama.

Ni mimi baba yako,
Absalom

Soko la Olwalo,
20 Juni 1990

Baba mpendwa,

Naomba barua hii ikukute na afya. Nilinyamaza muda mrefu kwa sababu sikujua nitakuambiaje kwamba sitakutii. Jana nilisimama kortini Kisumu. Kibanda wamekifunga, tunauzia mlangoni kwetu.

Sauti haikutoka. Hakimu akasema, "Ongea, hatukusikii." Mama akajibu kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu: "Mpe nafasi, Mheshimiwa. Huyu huomba ruhusa hata kwa kuku kabla ya kumfukuza." Watu wakacheka, nami nikapata pumzi.

Wakili wa kanjo akaniuliza, "Sheria gani inawalazimisha kanjo kufunika kila shimo?"

Nikasema, "Sijui, Bwana. Shimo tulikuwa tunalilinda sisi. Walituambia tuache, tukaacha."

Hakimu akainama, akaandika. Hukumu itasomwa Septemba. Mama amekonda, vidonda vya mgongo havifungi. Anauliza kama utakuja.

Bintiyo,
Adero

Soko la Olwalo,
30 Septemba 1990

Baba mpendwa,

Pole kwa safari ya kurudi Kericho baada ya mazishi. Wadogo zangu wanakula, ingawa usiku bado wanamwita Mama.

Hukumu imesomwa. Hakimu alisema kanjo hawawezi kubeba lawama ya kila shimo nchini. Lakini watu wakiwa wanajilinda, nawe ukawaambia waache, ulinzi wao umeuchukua wewe. Tumeshinda, Baba. Wakili Muhidin alinipa mkono. Nilitazama pale Mama alipokuwa akikaa.

Jana kanjo walileta mfuniko wa simiti. Ni mzito, hata gari linaweza kupita. Dorca, jirani yake Mama sokoni, alisubiri wamalize, akaweka tawi juu yake. Msimamizi yule yule aliyenicheka siku ile aliliona. Akazunguka kando, hakuligusa.

Bintiyo,
Adero